Mfuko wa Duka la Basilia

Nilijiandikisha kwa sababu ya jaribio la hesabu.
Nasema kweli mapema, kabla hamjanisifu:
Mwalimu Colque alitangaza kwamba atakayekwenda ziwani Jumamosi
atasamehewa sehemu ya aljebra,
na mkono wangu ulikuwa juu kabla sijaushauri.

Tulikuwa kumi na tisa, buti za mpira za kuazima,
yangu ya kushoto saizi arobaini, ya kulia thelathini na nane,
na baridi ya Oruro, ile isiyobisha hodi,
inakukuta kitandani, inakuvisha, inakusindikiza.
Basi liliishia pale lami inapochoka.
Mbele yetu ziwa Uru Uru,
ila maji hatukuyaona.

Tuliona chupa.
Chupa ubavu kwa ubavu hadi macho yanapokoma,
upepo ukija zinagongana, ko, ko, ko,
kama meno ya mwenye homa.
Heroe watatu wamesimama humo kwa mguu mmoja mmoja,
kama waliokosa pa kuuweka wa pili.

Saa nne walifika watoto wa darasa la nne
kutoka shule ya ng'ambo ya reli.
Kila mkubwa akapewa sita wa kuwafundisha.
Nilikuwa na karatasi. Niliisoma kama hakimu:
plastiki haiozi, plastiki husafiri,
mvua huisomba mtaani, mtaro huipokea,
mto huikabidhi kwa ziwa.

"Nani huitupa?" akauliza Limbert,
kamasi zimemgandia juu ya mdomo.
Karatasi haikuwa na jibu hilo.
"Watu," nikasema.
"Watu gani?"
"Watu tu, Limbert. Shika gunia."

Akashika. Mtoto yule alikuwa na bidii ya mchwa.
Mara akachomoa topeni kitu cha kijani,
akakikung'uta, akakisoma kwa sauti
silabi moja moja, kama wanavyofundishwa:
"Du-ka la Ba-si-lia. Nyu-zi, vi-fu-ngo, sa-bu-ni.
Ka-ri-bu te-na."

Basilia ni mama yangu.
Kijani kile waliacha kukichapa
mwaka aliozaliwa mdogo wangu Adalid,
na Adalid sasa anaanza kubishana nami.
Miaka kumi na mmoja matopeni,
na "Karibu tena" haijapoteza hata herufi.

Ningeweza kuutia guniani nikanyamaza.
Lakini Limbert alikuwa akiningoja, macho hayapepesi.
"Unamjua?"
Niliwatazama heroe. Hawakunisaidia.
"Namjua. Ndiye aliyeninunulia glavu hizi."
Hakucheka. Alikunja uso, akafikiri.
"Basi mrudishie."

Jioni niliuosha mara tatu,
nikauweka mezani kati ya supu na viazi vilivyokaushwa kwa barafu.
Maneno nilikuwa nimeyapanga: mtaro, mto, ziwa.
Mama aliunyoosha kwa kiganja
kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukipima,
akaingiza mkono ndani, akatafuta tundu, hakulipata.
"Bado mzima," akasema,
nami sikujua kama ni sifa au ni msiba.
Akaukunja mara nne, akautia mfukoni mwa aproni.
Maneno yangu yakapoa pamoja na supu.

Jumatatu alikuja mteja wa nyuzi.
Mama akamuuliza neno ambalo sijawahi kulisikia dukani mwetu:
"Umekuja na mfuko wako?"
Yule mama akashangaa, akasema hapana.
Mama akanyamaza kidogo, mkono ukipapasa aproni,
kisha akavuta mfuko mpya pale ukutani
kama siku zote.

Aljebra nilisamehewa.
Hesabu hii nyingine ndiyo inayonikosesha usingizi:
mifuko arobaini kwa siku,
mara siku za mwaka,
mara umri wa duka,
na hilo ni duka moja, katika mtaa mmoja.

Jumamosi hii hakuna atakayesamehewa chochote.
Nimeomba buti za saizi moja.