Kalamu Inayovuja

Siku mbili tu? Haya, lete ramani nikuchoree.
Kalamu inavuja, usijali,
bluu ndiyo rangi ya Algarve.

Hapa, penye mviringo, ni pango.
Paa lake limetoboka, jua linateremshwa
kama ndoo kisimani.
Nenda saa mbili asubuhi na mashua ya Amílcar,
ile ya kijani iliyochunika.
Hadithi zake za maharamia ni uongo mtupu
ila injini yake ni ya kweli.
Ikifika saa nne mashua zinapanga foleni
kama watu wa benki siku ya mshahara,
na pango zima linanuka petroli na mafuta ya kujipaka.

Hapa ni ngome. Mizinga minne,
yote imeelekezwa Afrika.
Siku hizi wanaokuja kutoka huko
wanatuchumia machungwa,
na Jumapili wanakaa juu ya mizinga hiyohiyo
wakipiga simu kwao.

Kanisa. Nje chokaa tupu,
ndani vigae vya bluu hadi darini:
mtakatifu anawahubiria samaki.
Mtazame wa tatu kutoka kushoto.
Fundi alimpa meno ya binadamu.
Tulipokuwa wadogo tulimwita kwa jina la padri.

Sadini ule kwa mkono, juu ya mkate.
Samaki akiisha, mkate umeshakunywa mafuta yote,
na hapo ndipo mlo unapoanza.

Pwani usilale chini ya jabali.
Kibao kimeandikwa kwa lugha nne,
na jabali halijui kusoma hata moja.

Basi. Hayo yamo katika kila kijitabu.

Ile hoteli ya vioo? Ilikuwa kiwanda cha samaki.
King'ora kililia usiku mashua zikiingia,
mama akafunga aproni juu ya nguo ya kulalia
akakimbia, viatu mkononi.
Hadi uzeeni, gari la wagonjwa likipita
aliamka akiitafuta aproni.

Wao wasubiri, ndiyo maana ya foleni.
Umefikia wapi?
Nyuma ya soko. Mlango wenye kikasha cha ufunguo.
Namba kumi na nne?

Ah.

Mlango huo ukikwama, usiuvute.
Uinue kidogo, usukume kwa goti.
Bomba la jikoni hutoa moto upande wa baridi,
baba alilifunga mwenyewe, akakataa kukosolewa.
Na nyuma ya friji, kama una nguvu za kuisogeza,
kuna mistari ya penseli ukutani:
D, miaka minne. D, miaka saba. D, kumi na mmoja.
Na chini kabisa Z, miaka miwili,
mstari mmoja tu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tumepona, sikatai:
meno mapya, deni limelipwa, binti yuko chuoni Lisboni.
Tumepona, tukapungua.
Mimi sasa nakaa bara, mwendo wa saa nzima,
ambako bahari ni utabiri wa hewa redioni
na basi la mwisho ni saa moja na nusu.

Kwa hiyo hii siichori. Haina kiingilio.
Lakini kesho, kabla ya pango,
saa kumi na mbili na robo,
vuta kiti jikoni, uzime taa.
Jua huingia kwa dirisha dogo,
hugusa meza, kisha kikombe,
kama dakika nne hivi,
halafu ukuta wa jirani hulichukua.

Wengine huondoka mwezi mzima umeisha
na hawakuliona. Walikuwa wamelala.

Haya.
Tiketi moja, au mbili?