Usianze na Tochi

Usianze na tochi, Nyemo.
Anza na mlango: tazama mtu anavyoingia.
Aliyegonga bega kwenye mwimo
akauomba radhi, akidhani ni mtu,
mwandike kwanza, hata kama anasema
mgonjwa ni huyu mjukuu.

Hapa Hombolo vumbi limebebeshwa lawama nyingi.
Kila jicho jekundu, "Ni vumbi tu, dokta."
Wewe pindua kope la juu, taratibu,
kama unavyofunua ukurasa uliolowa.
Ukikuta punje nyeupe, kama chenga za uwele,
hilo si vumbi.
Na bibi mwenye kibano cha chuma shingoni,
kimefungwa uzi mmoja na rozari,
usimuulize cha nini.
Kope zake zimegeukia ndani, zinamchoma;
anazing'oa kila Jumamosi
mbele ya kioo asichokiona vizuri.

Mzee Chilongani alifukuzwa shamba la zabibu
kwa kuchuma mbichi.
Mwanawe alisema ni ulevi.
Mimi pia nilisema ni ulevi.
Siku ya tatu nikamkalisha kwenye giza la stoo,
mboni ikapanuka, na nyuma yake
nikaona maziwa yaliyoganda.
"Mtoto wa jicho?" akacheka.
"Ninao tisa, dokta, na hakuna
aliyewahi kuniziba dirisha."

Kadi ya herufi iko ukutani, mita sita.
Wapo wanaoikariri wakiwa kwenye foleni:
juu, kulia, chini, kulia.
Igeuze.

Ila Mazoya hakukariri.
Alisoma mistari yote, mpaka ule wa chini kabisa.
Nikamwandikia panadoli ya kichwa, nikaita anayefuata.
Sikuinua kidole pembeni mwa uso wake
nikamuuliza, "Unakiona?"
Presha ya macho haipigi hodi mlangoni.
Huanzia uani, hung'oa ua kijiti kimoja kimoja,
nawe umekaa sebuleni unasifia taa.
Alirudi baada ya miaka miwili, ameshikwa mkono.
Herufi alizisoma tena, zote,
kupitia tundu la sindano.

Kwa hiyo inua kidole, Nyemo. Kulia. Kushoto.
Hata jioni, hata kama gari la Dodoma linapiga honi.
Na ukilazimika kusema kilichopotea hakirudi,
usiseme huku unaandika.
Weka kalamu chini. Sogeza kigoda,
ukae katikati, mbele yake,
pale anapokuona.