Ufunguo wa Maabara

Saturnina Choque, namba kumi na saba,
nilikuandikia sifuri tatu kwa wino mwekundu,
nikasema: mzembe.
Hapa Oruro baridi huuma mpaka kwenye meno,
na maabara yetu hufungwa saa kumi na moja jioni,
saa ileile unapofunga meza yako ya betri na soksi
sokoni, ng'ambo ya reli.

Sikuuliza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa,
nami nilishiba ratiba.

Ukaja Alhamisi, vidole vimepasuka.
Hukuomba alama. Uliuliza tu:
"Mwalimu, ile mizani hulala saa ngapi?"

Nikacheka. Kisha kicheko kikanikwama.

Sasa bawabu Eulogio huniachia ufunguo.
Saa mbili usiku taa inawaka, mmekuwa tisa:
mchimba bati, mama na mtoto mgongoni,
kijana wa mikate anayenukia hamira.
Mkuu wa idara anataka barua, muhuri, sababu.

Sababu nimeiandika kwa mstari mmoja:
waliochelewa ni sisi.

Sifuri zako nimezifuta, Saturnina.
Karatasi imetoboka pale.
Nimeiacha hivyo.