Chupa Mbili Dirishani

Jumatatu ya Januari niliacha chaki juu ya meza.
Nilibeba kamba ya katani yenye fundo kila mita,
Sharafa vigingi, Namkunda daftari,
na Likwawa, ambaye darasani hajawahi kunyoosha mkono,
akatangulia mbele kama mwenye mji.

Ukungu wa Newala ulikuwa haujaamka vizuri.
Ukingo wa korongo tuliujua kwa masikio:
Likwawa alirusha jiwe, tukahesabu moja, mbili,
tatu, ndipo likagonga chini.
"Hapa," alisema, "palikuwa na jiko la bibi."

Tukapima. Mafundo kumi na tisa.
Novemba yalikuwa kumi na sita.
Kigingi tulichokipigilia siku ile hakikuwepo,
kilishaondoka kwenda Ruvuma bila ruhusa.
Somoe akaandika, akafuta, akauliza:
"Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa.
Hapa, Mwalimu, huo ukuta utausimamisha juu ya nini?"

Nilikuwa na jibu la kitabuni:
wachoma mkaa, wachoma moto, watu wa huko,
siku zote watu wa huko.
Likwawa akanikatiza. "Maji yanatoka wapi?"
Sikujua. Nikasema tuyangoje yaje.

Yakaja Alhamisi, saa tano, mabati yakipiga kelele.
Mikoba kichwani, viatu mkononi,
tukayafuata maji kinyumenyume
kama anayesoma barua kuanzia kwenye sahihi:
kutoka korongoni hadi mferejini,
kutoka mferejini hadi njia ya baiskeli,
kutoka njia ya baiskeli hadi chini ya ua wa michongoma,
na ng'ambo ya ua,
uwanja wetu.

Uwanja wetu, tunaoufagia kila asubuhi kwa chelewa,
mistari imenyooka, jani halionekani,
uwanja uliotupatia cheti cha usafi
kikawekwa fremu, kikatundikwa ofisini.
Maji yaliteleza juu yake kama juu ya sahani.
Hakuna aliyesema kitu.
Halafu Sharafa akacheka, tukacheka wote, tumelowa.

Somoe akakinga chupa palepale.
Likwawa akakimbilia kwenye mikorosho ya jirani yetu Hokororo,
ambaye hafagii, kijiji kizima kinamwita mvivu,
akakinga ya pili kwenye majani yaliyooza.

Chupa mbili dirishani, usiku mmoja.
Asubuhi, ya uwanja: vidole vinne vya udongo mwekundu.
Ya mvivu: nusu ukucha.
Siku ile sikufundisha. Walipanga foleni,
kila mmoja akapima kwa vidole vyake,
na aliyerudi kupima mara ya pili hakuulizwa kwa nini.

Mwalimu Mkuu Chitanda alikuwa mgumu.
"Mkaguzi akija akakuta nyasi?"
Namkunda akampa ile chupa kwa mikono miwili, kwa adabu zote:
"Shikamoo, Mwalimu. Huu ni uwanja wako.
Mwingine umeshaondoka."

Alitupa upande wa mashariki tu, kwa majaribio.
Tukapanda ukoka, vipande vya urefu wa kidole,
na mabingobingo kwa mistari iliyoukinga mteremko.
Sharafa alipanda yake kichwa chini, mizizi juu,
ikabidi tuing'oe, tukae chini kwenye tope,
tujifunze upya mzizi ni nini
na kwa nini unang'ang'ania mtu asiyeuona.

Mkaguzi alikuja mwisho wa Aprili.
Kwenye kitabu cha wageni aliandika:
"Mazingira mazuri. Upande wa mashariki ufyekwe."
Likwawa aliusoma mstari huo kwa sauti, taratibu,
hakukosea neno.
Kisha akachukua kamba.

Kumi na tisa.
Hakuamini, akapima tena,
akalala kifudifudi, akaunyoosha mkono hadi ukingoni.
"Kumi na tisa na shubiri moja," alipaza sauti.
"Andika, Namkunda.
Na uandike ni shubiri yangu,
siyo ya Mwalimu."