Sumaku Mfukoni

Nilikuwa na laki tisa na elfu arobaini,
zimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli,
na sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu.
"Hii ina akili kukushinda wewe," alisema Fundi Shaame.
"Nenda nayo."

Ya kwanza ilikuwa Wete.
Datsun nyekundu, inang'aa kama jino la bandia,
mwenyewe kaipaka mafuta hadi mataili.
"Msichana, gari unaijua wewe?"
Akanifungulia mlango, akanifungulia redio,
akanifungulia kila kitu isipokuwa boneti.
Nikapitisha sumaku ubavuni:
ikashika, ikashika,
halafu juu ya gurudumu la nyuma ikaanguka mchangani.
Nikaiokota. Ikaanguka tena.
Nikagonga kwa kidole, pakaitika kama boga:
puti tupu, bati liliondoka zamani bila kuaga.
Kizuri chajiuza, niliwaza njiani.
Hiki kilikuwa na mdomo wa kujitembeza.

Ya pili, Konde. Pijo.
Hii niseme kweli niliipenda.
Iliwaka kwa mara moja, moshi mweupe kidogo tu,
sauti nzito ya mtu aliyekwisha kula.
Nikaomba kadi.
Kadi iko kwa shemeji.
Shemeji yuko Muskati.
Muskati simu haishikwi.
"Gari isiyo kadi," Fundi Shaame alisema, hakuinua uso kwenye jeki,
"ni mke wa mtu."

Nikamwambia nimechoka kuchagua,
na wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.
"Hao walikuwa na majembe yao tayari.
Wewe tafuta gari yenye ugonjwa nje.
Inayojificha itakufilisi."

Machomane, nyuma ya nyumba ya Bi Ruzuna,
Morisi ya marehemu mumewe, mpima mashamba.
Vioo hakuna. Sakafu hakuna, niliona majani.
Kutu imekaa waziwazi, kama duka lililofunguliwa asubuhi.
Nikaingia uvunguni na kimulimuli cha simu:
mihimili ya chini ilikuwa nene, imegandwa na grisi ya miaka,
na sumaku iliishika hata nikaibandua kwa bisibisi.

"Laki saba," alisema. "Lakini mwenyewe si mimi. Mwenyewe yule."
Kiti cha nyuma, kuku wa madoadoa
ameatamia mayai kumi na moja.
"Akitotoa, utachukua."

Basi kila alasiri nikitoka gereji
nilifungua kile ambacho kuku aliniruhusu:
kabureta kwanza, kisha dinamo,
bonti nikizitia kwenye makopo ya maziwa ya mtoto
na kuandika kwa chaki zimetoka wapi.
Nikigusa mlango wa nyuma, alinidonoa.

Siku moja Bi Ruzuna alitoka na chai,
akaegemea upande wa kushoto.
"Hapa nilikaa miaka kumi na tisa.
Ule usukani, sijui ni wa moto au wa baridi."
Nikamfungulia upande wa kulia.
Akaingia, akashika kwa mikono miwili,
akatazama ukuta wa choo kama barabara ya Mkoani.
Chai yangu ilipoa. Sikusema kitu.

Vifaranga tisa, Jumatano. Mayai mawili viza.
Alihesabu pesa mara mbili,
akanirudishia elfu hamsini, "za plagi,"
na kutoka chini ya kitanda, ndani ya kanga,
akaniletea hendeli ya kuwashia.

Tuliisukuma vijana sita,
kuku akitufuata hadi barabarani akidai nyumba yake.

Fundi Shaame aliizunguka mara mbili, kimya.
"Nilikutuma gari. Umeleta kazi."
"Ndiyo."
Akacheka kwa pua.

Jioni nikatia hendeli, nikavuta kwa uzito wangu wote.
Haikugeuka.
Nimemimina mafuta kwenye matundu ya plagi,
nimeiacha ilale.
Kesho sitaigusa.
Kesho kutwa.