Kupunguza Kiuno

Nina sindano mbili.
Moja hula uzi mchana kutwa sokoni Kibuye.
Nyingine ilitakiwa kunilisha mimi,
asubuhi na jioni, kabla ya sahani.
Ya kwanza sijawahi kuikosa.

Mama Seline akija kuchukua kitenge chake
hunizungusha mbele ya kioo
kana kwamba mteja ni mimi:
"Apondi! Umepungua! Unakunywa nini, utuambie?"
Nami ninacheka, pini zikiwa mdomoni.
Mwenye pini mdomoni haulizwi mara mbili.

Gauni langu la kijani nimelipunguza kiuno
Machi, Mei, tena Julai.
Mshono wa tatu umeulalia wa pili,
na ndani kuna kitambaa kilichokunjwa
kingetosha kumshonea mtoto kaptura.
Sikukikata.
Fundi hakati asichokuwa na hakika nacho.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu
nilipolazwa hospitali ile tuliyoiita Rasha,
mifupa imevaa ngozi kama kanzu ya kuazima.
Wakanichoma, nikarudi.
Mwili ukaumuka, unga uliotiwa hamira,
na shangazi Abuya akapiga kigelegele:
"Mtoto amerudi!"
Mimi nikasikia: mtoto amenenepa.
Tangu siku hiyo nilikuwa na mshukiwa,
ndani ya chupa ndogo yenye kifuniko cha mpira.

Sitasema jinsi. Wenzangu wanajua,
na wasiojua wasijifunze kwangu.
Nitasema kiu tu:
jagi zima saa nane usiku,
ulimi mkavu kama chaki ya fundi,
tundu la sindano ninaliona mara mbili,
miguu imekufa ganzi juu ya kanyagio,
na ziwa lote liko pale chini, ng'ambo ya reli,
na halitoshi.

Kuna usiku mwingine, wa kinyume.
Jikoni, gizani: nusu mkate,
omena baridi za jana,
sukari kwa kijiko kutoka koponi,
bila kutafuna, bila kuhesabu, bila mimi.
Alfajiri nafagia makombo
kabla Ogweno hajaamka,
kama anayefuta nyayo za mwizi.
Mwizi ndiye mwenye nyumba.

Matangani wananitambulisha kwa ugonjwa:
"Huyu ana sukari, msimpe soda."
Kisha benchi zima linaikodolea macho sahani yangu
kama makarani wakihesabu kura.
Hakuna aliyewahi kuulizia sindano.

Nesi Khavere hakuniuliza uzito.
Aliomba nyungu.
"Ile ya mchanga unamoweka dawa. Kesho uje nayo."
Nikaibeba mgongoni kwa leso, kama mtoto mwenye homa.
Akachovya mkono katika mchanga mbichi,
akatoa chupa, akainyanyua dirishani.
"Hii ilipaswa kuisha tarehe nne."
Ilikuwa tarehe ishirini na sita,
na dawa ilikuwa imejaa hadi shingoni.
Akaipangusa mchanga kwa kidole gumba,
polepole, kama anayempangusa mtu uso.

Husemwa kikulacho ki nguoni mwako.
Mimi niliishona nguo yenyewe,
nikajipima, nikajivika, nikasifiwa.

Sikulia pale.
Nililia Alhamisi, kwa Mhindi,
aliponiambia uzi wa kijani umekwisha.

Leo jioni nimechoma.
Sijui kesho, msiniulize kesho.
Ogweno ameketi mlangoni,
anajifanya anatengeneza redio isiyoharibika,
na ugali unatoa mvuke, nami ninauogopa
kama mtu anavyomwogopa mbwa aliyemfuga mwenyewe.
Nimekula vipande vinne.
Kisha nimechukua wembe
nikafumua mshono wa Julai. Huo tu.
Kitambaa kilichofichwa ndani hakijapauka,
kijani kile kile cha siku nilipokinunua.
Nimekipiga pasi.
Machi na Mei bado zimekaza.