Upana wa Boriti

Ngome yangu ya kwanza ilikuwa ya aibu.
Nilichimba ukumbi wa miraba sitini kwa sitini
kwa sababu mchezo haujui boriti:
dari hujishikilia yenyewe,
mwamba hauombi ruhusa.
Vitanda nikavipanga kama wodi ya King Fahd.
Wakazi wangu, vijitu vya ndevu na sururu,
wakala, wakalala, wakanuna.
Mmoja, mchonga mawe, alikaa siku tatu akitazama ukuta.

Khaloo Khultum alikuja dukani kufuata simu yake,
akainama nyuma ya bega langu, akaguna.
"Nani kafa?"
Hakuna aliyekufa, Khaloo, hii ni ngome.
"Basi mbona umewalaza kama maiti?"

Usiku huo nilichukua futi
nikapima nyumba yetu ya Mkomani,
mama akidhani nimepata mnunuzi.
Msana wa tini: hatua nne fupi.
Msana wa yuu: vilevile.
Ndani: vilevile.
Miaka yote hiyo hakuna aliyelala humu
katika chumba kipana kuliko mti
uliotoka mikokoni begani kwa mtu.

Nikarudi chini, nikaufukia ule uwanja.
Miraba mitano, basi.
Urefu upendavyo, upana kwa adabu.
Kila chumba kipande kidato kimoja juu ya kilichotangulia.
Mlango usichungulie ndani: njia ipinde kwanza,
jicho la mpitaji lisalimiane na ukuta.
Nikachonga zidaka, safu juu ya safu,
nikazipaka weupe wa chokaa
mpaka ukuta ukadanganya kwamba una kina.
Nikajenga birika, nikatia samaki wawili,
japo huko chini hakuna mbu.

Mchonga mawe akainuka, akaokota patasi.

Ukabaki mwanga.
Nyumba isiyo na kiwanda, ule uwazi wa kati,
ni pango, hata uitandike mazulia.
Nikatoboa tabaka kumi na mbili za jiwe kwenda juu,
na mraba mmoja wa anga ukashuka
ukatua sakafuni kama sahani.
Wote waliacha kazi.
Naapa, waliacha.

Famau, tunayegawana kodi ya duka, akasema:
"Umefungua mdomo. Ziba."
Sikuziba.

Msimu wa tatu likaja dude la mbawa,
likaingia mle mle alimopita nuru,
likashuka bila haraka, kama lililoalikwa.
Mengine sisemi.
Birika lilikauka kwa moto.

Alisalia mmoja, chumba cha mwisho kabisa,
dude limejilaza kiwandani, lakoroma,
naye yuachonga kidaka cha ishirini na moja.
Sikumwamuru.

Tokeni ikalia, stima ikakatika.
Nje punda alikuwa akijikuna ubavu ukutani kwetu,
nami gizani naanza upya kwa vidole:
mitano; njia ipinde; birika;
kiwanda, hapa, pale pale.
Pengine nitaweka wavu.
Pengine.